Ovaroli Iliyotakata

“Hii si yenyewe,” mama alisema, akaisukuma ovaroli juu ya meza ya kupigia pasi.

“Ndiyo yenyewe.”

“Nimesema siyo. Nipe ya mwanangu.”

“Mama, tangu nifungue duka hili sijawahi kumpa mtu nguo ya mwenzake. Nianze na wewe?”

“Basi leo umeanza.”

Binti yangu alisimama mlangoni na sare yake ya shule, amemshikia bibi yake fimbo. Alikuwa kimya, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi, maana mjomba wake alimpa jina la Wakili kwa sababu ya mdomo. Kwenye benchi kulikuwa na mteja mmoja, bwana aliyefuata suti yake ya harusi. Alijifanya anasoma simu, lakini kidole kilikuwa hakisogei.

Nikauchukua mkono wa mama nikauweka kwenye kola. “Gusa. Hapa ndipo alipojinasa na msumari. Shuka kwenye goti. Hicho kiraka nilikishona mimi, unajua mshono wangu. Na kifungo ulichokitaka hiki hapa kifuani, nimekikaza kwa uzi wa nailoni. Hata ukining'inia nacho hakitoki.”

Mama macho yake yameingia ukungu. Anaona mwanga na vivuli, mengine anayamalizia kwa vidole. Vile vidole vilipita kwenye kola, vikagusa kiraka, vikateremka hadi kwenye pindo la mguu, vikapanda tena hadi kifuani. Vikawa vinazunguka pale pale kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umehamishwa.

“Rangi iko wapi?” aliuliza.

Laiti ningejibu kwa sauti ya chini. Nilijibu kwa majivuno, huku nikimtupia jicho yule bwana wa suti ili asikie vizuri nguo zake ziko kwa nani.

“Nimeitoa. Yote.”

Mama akakaa. Hakutafuta kiti, alikaa tu, na bahati nzuri Wakili alishasukuma ndoo ya maji iliyofunikwa chini yake.

“Nilikuambia kifungo,” alisema. “Nilisema kifungo tu.”

“Ilikuwa chafu, Mama. Rangi imekauka hadi kitambaa kinasimama chenyewe kama mlango. Nguo haitoki humu chafu. Watu wangesema nini, ndugu wa dobi, marehemu...”

“Watu gani? Nani anaivaa?”

Bwana wa suti akainuka, akasema atarudi kesho. Nikamwambia suti iko tayari. Akasema hapana, kesho ni vizuri zaidi, na akatoka ubavuubavu kama anayepita chumba cha mgonjwa.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa rangi. Alipaka nyumba, shule, zahanati, uzio, na mara moja jeneza, ambalo alilipaka bure na hakupenda kulizungumzia. Mtaa mzima walimwita Fundi. Mimi aliniita Madoa, na akija dukani alisimama mlangoni na ile ovaroli yake akisema, “Madoa, nimekuletea kazi ya kukushinda.” Nilimfukuza kwa ufagio asije akawachafulia wateja nguo. Alikufa kazini. Watu wakisikia hivyo huuliza kama alianguka kwenye ngazi. Hakuanguka. Alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi, ameshika kikombe cha chai, moyo ukasimama. Chai haikumwagika. Sijui kwa nini jambo hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Baada ya mazishi nilimchukua mama akae kwangu. Alikuja na sanduku la nguo na ile ovaroli, akaitundika nyuma ya mlango wa chumba anacholala na Wakili. Niliiona kila nilipoingia kufagia, ngumu, imejaa matone ya kila rangi, mikono imesimama kama bado ina mtu ndani. Niliikwepa. Mimi ni mtu wa kazi. Nyumba ikiwa na msiba napika, natafuta viti, nawapangia watu pa kulala, na nikimaliza naanza upya. Watu walinisifu kwa hilo. Mjomba wetu alisema pale uani, “Huyu binti ndiye mwanaume wa familia,” nami nikaenda kukung'uta mazulia.

Lakini usinione hivyo. Nilitafuta. Nilimwendea kiongozi wetu wa ibada, mtu mwema, nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi. Akasema amepumzika. Nikamuuliza wapi. Akasema mahali pema. Nikamuuliza yeye amejuaje. Akatazama saa yake, akaniambia nisali zaidi. Nikarudi nyumbani nikapiga magoti, nikafumba macho, na kilichonijia ni kwamba sabuni ya mche imekwisha na mashuka ya ile nyumba ya wageni hayajaanikwa. Nikajaribu tena kesho yake. Kikanijia kwamba pasi kubwa inavuja. Nikaona aibu mbele ya Mungu, kama yuko, kumpigia hodi kila siku kisha kumsimulia habari za pasi. Nikaacha.

Kisha mama akaniambia kifungo cha kifuani kimelegea. Nikaja nayo dukani.

Nilikikaza kifungo kwa muda mfupi tu. Ningeweza kuikunja nikairudisha. Badala yake niliingia nayo chumba cha nyuma, nikafunga mlango, nikachukua tapentaini, kisu butu na brashi ya meno. Rangi ya mafuta ikishakauka haitaki haraka. Unalowesha, unasubiri ilainike, unakwangua kwa mgongo wa kisu ili usikate uzi, unasugua na sabuni, unasuuza, unaanza tena. Nilisomea mambo haya chuoni na nina cheti chake ukutani, lakini hakuna mwalimu aliyenifundisha kilichotokea mle ndani. Tone la kwanza lilipobanduka nilijikuta nikisema, “Sasa hii umeipata wapi, wewe mtoto?” Na nikaendelea kusema. Nilimgombeza kwa kutokwenda kupimwa. Nilimwambia kuhusu Wakili na hesabu zake mbovu. Nilimwambia kuhusu chai. Nililia, nikapenga kamasi kwenye aproni, nikakwangua. Nilimhisi yupo, nyuma ya bega langu la kushoto, akinicheka kwamba kazi imenishinda. Haikunishinda. Niliitoa rangi hadi chembe ya mwisho, nikaanika, nikapiga pasi, nikajisemea kwamba labda hii ndiyo sala, labda kila mtu ana ya kwake, na ya kwangu ni hii.

Hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni mama aliposema si yenyewe.

“Mama,” Wakili alisema sasa, na sauti yake haikuwa ya ubishi. “Hivi hukujua Bibi anaifanyia nini?”

“Anaifanyia nini? Imetundikwa mlangoni.”

“Mchana imetundikwa. Asubuhi ukishatoka kuja dukani anaiweka mapajani.”

“Mwache mama yako,” mama alisema.

“Siachi. Mama, yale matone ni nyumba. Kila moja. Bibi analigusa, anajua ni la nyumba gani, anawaombea waliomo. Anaanza hapa,” akauweka mkono kifuani mwake, mahali pa kifungo, “kwa mkunga, ile rangi ya bluu. Kisha anapanda begani kwa nyumba ya wazee, lile tone nene. Anashuka mkononi, zahanati, duka la mikate, yule mama mwenye mapacha. Mpaka chini miguuni. Akifika kwenye pindo anamwombea Mjomba mwenyewe. Halafu anaitundika.”

“Tangu lini?”

“Tangu aje kwetu. Mimi namsikia nikiwa najitayarisha kwenda shule.”

“Na hukuniambia?”

“Nilidhani unajua. Wewe si ndiye unajua kila kitu cha humu ndani?”

Siku nyingine kwa neno hilo ningemrukia. Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa nimeingia chumba kile kila siku. Nilikuwa na macho mawili mazima, yanayoona tone la mafuta kwenye shati jeusi toka mlangoni. Nilimwona mama yangu amekaa na nguo mapajani, zaidi ya mara moja, niliporudi kuchukua nilichosahau, na nilichosema ni, “Mama, hiyo itakuchafulia kanga.” Na kile kifungo, sasa nilielewa kwa nini kilikuwa kimelegea. Kilikuwa jirani na tone la kwanza. Vidole vyake vilikuwa vinaanzia pale.

“Alikuwa anakuja jioni,” mama alisema, hakuwa ananiambia mimi hasa. “Hajanawa hata mikono. Ananiambia, Mama, gusa, leo nilikuwa kwa fulani. Mume hasikii vizuri. Leo nilikuwa kwa fulani, mtoto hajaanza kutembea. Nikamwambia, sasa hao wote nitawakumbukaje? Akaniambia, hutahitaji kukumbuka, nitakuwa nakuletea. Ndiyo ukawa mchezo wetu. Macho yalipokwisha ukawa si mchezo tena.”

Nikajibu kama ninavyojibu shida zote, kwa kutafuta chombo. Niliingia nyuma. Magamba ya rangi nilikuwa nimeyafagia nikayatia kwenye bati la zamani la biskuti, kwa sababu mfuko wa taka ulikuwa umejaa. Nilimshukuru Mungu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na kwa ajili ya taka. Nikarudi nalo mbio.

“Yapo,” nikasema. “Mama, yapo yote, sikutupa. Shika.”

Nikammwagia kiganjani. Akayachezesha kwa kidole gumba, taratibu, kama anayechambua mchele. Nilisubiri. Nilijikuta nimezuia pumzi kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari mbele ya darasa.

“Yamechanganyika,” alisema. “Nani ni nani hapa?”

“Wakili atakusomea rangi. Hii bluu, hii kijani...”

“Bluu alipaka nyumba nne, Mama,” Wakili alisema.

“Nina gundi,” nikasema. “Gundi ya viatu, inashika vizuri. Tukikaa jioni tukayabandika, wewe ukimwambia Wakili...”

Nilijisikia mwenyewe nikiongea, nikanyamaza. Mama alikuwa amegeuza kiganja, na magamba yalikuwa yakianguka kwenye bati na kutoa sauti ndogo. Hakuwa amekasirika tena. Ningependa angekasirika. Alinipapasa mkono kama mtu anayemtuliza mgeni aliyevunja glasi.

“Haya, basi,” alisema. “Umefanya kazi nzuri. Imetakata.”

Kama kuna neno limewahi kunivua nguo, ni hilo. Nimesifiwa kwa kutakatisha maisha yangu yote. Nimeliandika kwenye kibao cha duka.

“Huwezi kuanza tu bila nguo?” nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi sikuijua. “Kwa kichwa?”

“Nimejaribu leo asubuhi, ulipokuwa umebaki nayo huku. Kwa mkunga nilifika, kwa wazee nikafika. Baada ya hapo nikapotea. Kichwa changu hakikuwahi kuzibeba zile nyumba. Vidole ndivyo vilivyozibeba.” Akatafuta fimbo, Wakili akampa. “Sasa mtu wa kuniletea hayupo. Tuondoke, mjukuu wangu. Mama yako ana kazi.”

Hapo ndipo nilipoona anakoelekea. Hakuwa anaenda kulia nyumbani. Alikuwa anaenda kukaa, basi, bila la kufanya, asubuhi ya kesho na zote zijazo, na mtu wa umri wake akikaa hivyo hainuki. Na aliyemfikisha hapo ni mimi, na tapentaini.

Niliitazama ovaroli juu ya meza, nyeupe kama siku iliponunuliwa. Nikafikiri, rangi haikuzaliwa kwenye nguo. Kwenye nguo ilimwagika tu. Kazi yenyewe iko mahali pengine, na bado imesimama.

“Nyumba ya mkunga ni ile ya nyuma ya tangi la maji?” nikauliza.

“Ndiyo,” Wakili alisema. “Kwa nini?”

Nilichomoa pasi kwenye umeme. Nikavua aproni. Nikageuza kibao cha mlangoni upande wa kufungwa, ambao haujawahi kutazama barabara mchana hata siku tuliyozika, kwa sababu siku ile nilimwachia duka dobi mwenzangu.

“Mama, nipe mkono.”

“Tunaenda wapi?”

“Kugusa.”

Njia haikuwa ndefu lakini ilinitosha kuona aibu yote ya duniani. Mwenye duka la simu alitoka kuuliza kama kuna moto. Fundi cherehani akamwuliza Wakili, “Leo dobi amefunga? Amekufa tena nani?” Kisha akakumbuka na kuuma kidole. Nilitembea nikiwa nimemshika mama kiwiko, nikitayarisha maneno ya kumwambia mkunga, na kila niliyoyapanga yalisikika kama ya mtu aliyekunywa. Mimi ndiye ninayewacheka majirani wanaokwenda kupakwa mafuta na kushikwa vichwa. Sasa naenda kubisha hodi mlangoni pa watu, mchana kweupe, kuomba ukuta.

Nyumba ilikuwa ya bluu kweli, bluu ya sare za shule, na madirisha meupe. Nikagonga. Mkunga akafungua akiwa na taulo begani, mwanamke mnene mwenye uso wa kuchoka.

“Dobi,” alisema. “Mbona sijakuletea nguo.”

“Sikuja kwa nguo.”

“Kama ni ule mchango wa maji, mume wangu...”

“Si mchango. Mama yangu anaomba kuugusa ukuta wako.”

Akanitazama. Akamtazama mama. Akamtazama Wakili, ambaye alikuwa anakagua viatu vyake kwa makini sana.

“Ukuta?”

“Nyumba hii ilipakwa na mdogo wangu. Fundi. Alikuwa na nguo yake ya kazi, imebaki na rangi ya hapa, mama akawa anaishika anapowaombea. Nyie. Watu wa humu. Nikaifua. Hakunituma. Nimeitoa rangi yote na sasa hana pa kushika. Basi nimemleta penyewe. Ukisema hapana nitaelewa, ningekuwa wewe ningesema hapana.”

Niliyasema yote hayo nikitazama kitasa cha mlango wake. Mkunga hakusema hapana. Alisogea, akamshika mama mkono ule mwingine, akampeleka penye ukuta kando ya dirisha, pasipo na maua.

Mama akaweka kiganja. Akakitembeza kushoto, akakirudisha, akasimama.

“Ndiyo yeye,” alisema. “Hana haraka. Angalia alivyopita pembeni ya dirisha.” Kisha akaanza, kwa sauti ile ile anayoombea kikombe cha chai. “Mwenye nyumba hii, mpe mikono yenye nguvu, inapokea watoto wa watu. Na mumewe asiyesikia vizuri, mpe subira, na mke wake mpe zaidi.”

Mkunga alicheka, halafu akajifuta jicho kwa taulo. “Nani alimwambia habari za sikio la mume wangu?”

“Fundi alikuwa anarudi nyumbani na habari,” Wakili alisema. “Si umbea. Ya kuombea.”

“Na wewe,” mama aliniambia bila kugeuka, “weka mkono. Umetutembeza hadi hapa usimame kama mlinzi?”

Nikasogea. Ukuta ulikuwa na joto la jua. Karibu na uso wangu niliona unywele mmoja wa brashi, umenasa ndani ya rangi tangu siku ile, umejikunja kama kope. Ukucha wangu ulikwishanyanyuka wenyewe kuung'oa. Mkono huu umekwangua maisha yote, haujui kazi nyingine. Niliurudisha chini, nikafungua kiganja, nikakiweka juu ya ule unywele. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka tapentaini.

“Mimi sijui kuanza,” nikasema.

“Anza unavyojua,” mama alisema.

Ninachojua ni kile ninachomwuliza kila anayeingia dukani na nguo mkononi, kabla hata hajasalimia. Nikamgeukia mkunga.

“Shida iko wapi?”

Alifikiri kidogo. “Mgongo,” akasema. “Mgongo umenichosha.”

Nikaanzia hapo.